Springi ya Lori Ndani ya Kinanda cha Kengele

Kwa miaka ishirini na mitano kazi ya Mwongeli ilikuwa kugonga chuma na kusikiliza. Hivyo tu. Kiwanda kilikuwa Thika, ng'ambo ya reli, na kilitengeneza springi za malori, zile bapa za chuma zilizopinda ambazo hupangwa moja juu ya nyingine chini ya gari ili mzigo usivunje ekseli. Kila springi iliyotoka kwenye tanuri na kupoa ililetwa chumba kidogo chenye kuta nene, ikaning'inizwa kwenye kulabu, na Mwongeli, amevaa ovaroli iliyomzidi na kitambaa kichwani, akaigonga mara moja kwa nyundo ndogo ya shaba. Springi nzima ilisema neno refu lililochukua muda kuisha. Yenye ufa, hata ufa ambao jicho halioni, ilikohoa. Ikikohoa aliitia alama ya chaki nyekundu na kuisukuma pembeni.

Wenzake walimwita Sikio. Na si kwa ajili ya nyufa peke yake. Kuna asubuhi moja, mwaka wake wa tisa pale, springi za zamu nzima zilikataa kwenye kile kipimo cha kuangalia upinde. Msimamizi alikuwa anawafokea watu wa tanuri, watu wa tanuri wanawafokea watu wa mafuta, kila mtu anatafuta wa kulaumu. Mwongeli akasimama na springi mbili mikononi akasema, "Bosi, moja ikikataa tunalaumu springi. Leo zimekataa zote, na zimekataa kwa kiasi kilekile. Hebu tupime hicho kipimo." Wakapima. Kilikuwa kimegongwa na foko-lifti ya kubeba mizigo jana yake, kimepinda upana wa ukucha. Springi hazikuwa na kosa lolote.

Hadithi hiyo ilimfuata hadi siku aliyostaafu. Ishike hapo, maana mwenyewe aliisahau siku aliyoihitaji zaidi.

Alipotoka kiwandani alirudi kwao Gatuanyaga, ambako watu walimwita Mama Dianah kwa jina la binti yake, kwenye shamba la ekari mbili alilonunua na mume wake, Musembi, ambaye alikuwa dereva wa lori hadi mgongo ulipomwambia ashuke. Musembi alifuga mbuzi. Lori lake lilipouzwa kama vyuma chakavu alibaki na kipande kimoja tu cha kumbukumbu, springi ndefu aliyoitundika kwenye nguzo ya lango. Jioni aliigonga kwa jiwe na mbuzi wakaja mbio wakijua kuna chumvi.

Mwongeli naye alikuwa na vitu viwili. Kwanza banda lake la kazi nyuma ya jikoni, lenye vaisi ya kubania chuma, matupa ya kila ukubwa na msumeno. Pili, kwaya. Tangu siku za kiwanda aliimba sauti ya pili katika kanisa lao, chini ya Mwalimu Gichuru, mzee wa miaka sabini na minne aliyekuwa ameongoza kwaya ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kanisa lilikuwa na kinanda cha zamani cha kukanyaga, kile ambacho miguu hupuliza upepo na vidole hutoa sauti. Kila wimbo ulianzia hapo. Gichuru alibonyeza do, watu wakaidaka, kinanda kikanyamaza, na baada ya beti tano alibonyeza tena do ileile mbele ya kanisa zima, na kwaya ilikuwa bado imesimama juu yake. Haijashuka hata kidogo. Kwaya za makanisa mengine zilianza juu na kumaliza kwenye matope, yao, la. Kwenye mashindano ya dayosisi watu walikuwa wakisema, wale wa Gatuanyaga wamefungwa kamba kwenye kile kinanda.

Ngozi za kukipuliza zilipotobolewa na panya, Mwongeli ndiye aliyezishona upya. Kuanzia hapo akawa fundi wa vinanda, bila kupanga.

Ndiyo maana Jumanne moja pikapu nyeupe iliingia kwa lango lake ikiwa na vumbi hadi kwenye vioo, na mwanamke wa miaka thelathini na kitu akaruka chini akipangusa uso.

"Habari ya hapa, Mama Dianah? Mimi naitwa Trizah. Natoka Kahawa Sukari. Nimeambiwa wewe unaweza kutengeneza kitu chochote kinacholia."

"Mbuzi analia na sijawahi kumtengeneza," akasema Musembi kutoka kwenye kivuli cha banda.

"Huyo usimsikilize," Mwongeli akasema. "Karibu. Umeleta nini?"

Trizah alikuwa mwalimu wa muziki. Aliongoza okestra ya watu wa kawaida, wahasibu na mafundi umeme, wanafunzi wa chuo kikuu na nesi mmoja anayepiga filimbi, waliofanya mazoezi kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa huko Gatongora, Ruiru. Shule moja ya muziki ya Ulaya ilikuwa inafungwa, ikawatumia vayolini kumi na mbili kwa meli, na juu ya hizo vayolini, bila kuulizwa, ikaongeza hili sanduku.

Waliliteremsha watu watatu. Kwa nje lilikuwa kama kabati dogo lenye vitufe vya kinanda mbele. Trizah akafungua kifuniko, na Mwongeli akainama akanyamaza kwa muda ambao Musembi alihesabu baadaye kuwa mrefu kuliko ule wa siku alipomposa.

Ndani kulikuwa na vipande vya chuma bapa, vimepangwa kutoka kirefu kama kiganja na vidole vyake hadi kifupi kama kidole peke yake, kila kimoja kimelala juu ya kitambaa kizito. Chini ya kila kipande kulikuwa na nyundo ndogo. Ukibonyeza kitufe nyundo inaruka, inagonga chuma, inaanguka. Hakikuwa na upepo wala nyuzi wala umeme.

"Hii kitu," Mwongeli akasema polepole, "inafanya kazi yangu."

Trizah akacheka. Halafu, kwa sababu aliona mama huyu hatamwacha aende bila maelezo, akaketi kwenye debe na kumweleza. Huko Ulaya, zamani sana, walikuwa na minara yenye kengele kubwa nyingi, na mtu mmoja aliketi huko juu akizipiga kwa kitu kama kinanda, mji mzima ukisikia. Baadaye watu wakataka sauti hiyo iingie ndani ya nyumba, pamoja na vayolini na filimbi. Wakatengeneza kengele ndogo ndogo kama vikombe, wakazitia kwenye sanduku lenye vitufe, kinanda cha kengele. Vikombe vilikuwa taabu kuvipanga, ndipo mtu akagundua kwamba kipande bapa cha chuma kinatosha. Watunzi wakakipenda. Jukwaani mwigizaji aliweza kushika kikengele cha kuigiza na kukitikisa, kumbe nyuma ya pazia kuna mtu wa kinanda anayetoa sauti yenyewe.

"Na kwa nini sijawahi kukiona?"

"Kwa sababu kilikuja kunyang'anywa kazi. Kuna kingine kilitokea kinaitwa selesta. Sura ni kama hii, lakini chini ya kila chuma kuna kisanduku cha mbao, kwa hivyo sauti yake ni laini, kama imefunikwa blanketi. Na wengine wakaamua kuacha vitufe kabisa, wanagonga vyuma kwa vijiti, mkono huu na huu. Sasa okestra nyingi zinatumia hizo. Lakini ukiwa na vijiti viwili unapiga noti mbili. Ukiwa na vidole kumi..." Trizah alichezesha vidole vyake hewani. "Nimetunga kipande cha mvua. Matone ya kwanza kwenye mabati, moja moja, halafu yote pamoja. Vijiti haviwezi. Selesta hatuna, na ingekuwa laini sana, mabati si laini. Nataka hii."

Vyuma vilikuwa thelathini na saba, au vingekuwa. Vitatu vilipotelea njiani. Nyundo nyingine zilikuwa zimekwama kwa kutu. Tamasha lilikuwa baada ya wiki tano.

"Nitakuwekea app kwa simu," Trizah akasema akiondoka. "Unagonga, inakuambia kama noti iko sawa ama iko chini."

"Hapana, mwanangu. Mimi nimesikiliza chuma tangu hujaanza shule. Na tuko na kinanda pale kanisani hakijawahi kunidanganya. Nenda tu."

Basi alianza. Nyundo alizilainisha moja baada ya nyingine. Vyuma vitatu vilivyopotea alivikata kwenye springi chakavu alizookota kwenye gereji moja Makongeni: alizichoma kwenye makaa hadi zikawa nyekundu, akaziacha zipoe ndani ya jivu usiku kucha ili zikubali msumeno, akakata, akapiga tupa, akazichoma tena na kuzizamisha kwenye mafuta. Siri ya kurekebisha sauti aliigundua siku ya kwanza, na ilimfurahisha kama mtoto. Ukikwangua tumbo la chuma, pale chini katikati, sauti inashuka. Ukikipunguza kwenye ncha, inapanda.

Halafu akavifunga vyuma vyote kwa leso, akavitia kwenye kiondo, akaenda navyo kanisani siku ya kazi kukiwa kimya. Alibonyeza kinanda, akagonga chuma. Akabonyeza, akagonga. Vile vitatu vyake havikumpa shida, alivipima hapohapo na kuvisawazisha. Lakini vile vya wazungu, vyote thelathini na vinne, vilikuwa juu. Si juu kwa noti nzima wala kwa nusu yake, ni juu kwa kile kiasi kidogo kinachokera kama punje ya mchanga kwenye ugali.

"Safari ya meli," akajiambia. "Joto na chumvi. Vimeharibika."

Kwa wiki tatu alikwangua matumbo ya vyuma vile. Vyote. Kwa kiasi kilekile.

Jumamosi iliyotangulia tamasha, sanduku lilisimama kwenye ukumbi wa Gatongora likiwa limepakwa varnishi mpya, na Mwongeli akaketi mstari wa nyuma na mkoba mapajani, amevaa nguo yake ya Pasaka. Okestra ilikuwa imeshajipanga. Kwanza wanapimana sauti, Trizah alimweleza. Kuna noti moja wanayoiita A, na kila chombo kinakuja kwenye hiyo A kabla ya kitu kingine chochote. Vayolini zikaipata. Filimbi ya nesi ikaipata. Kisha Trizah akanyoosha kidole na kubonyeza A ya kinanda cha kengele.

Kila mtu aliyekuwa mle ndani alisikia. Mwongeli alisikia mbele yao wote.

"Woi," akasema kijana wa vayolini ya kwanza. "Iko na homa."

"Si homa, imechoka tu, imetoka Gatuanyaga kwa mguu," mwingine akadakia, na watu wakacheka, si kwa ubaya.

Trizah hakucheka. Alibonyeza nyingine, na nyingine, akiangalia simu yake. "Zote ziko chini," akasema. "Mama Dianah, kwani ulizipima na nini?"

"Si ninyi mshuke kidogo?" Mwongeli akauliza, na sauti yake mwenyewe ilimtoka nyembamba. "Hizo nyuzi si mnaweza kulegeza?"

"Vayolini, sawa. Filimbi na tarumbeta haziwezi kushuka hivyo."

"Tutumie tu kibodi ya umeme," kijana akasema. "Iko na sauti ya kengele, namba tisa."

Trizah alimvuta Mwongeli kando, karibu na dirisha. Alikuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyouma. "Sitaki uumie. Hii kazi ya nyundo umefanya poa sana, hakuna mtu mwingine angeweza. Lakini Ijumaa ndiyo mazoezi ya mwisho. Kama Ijumaa haitakuwa sawa, tutatumia kibodi na hii itarudi stoo. Na sitakulaumu."

Sanduku likapakiwa tena kwenye pikapu, na njia nzima ya kurudi Gatuanyaga Mwongeli akalishikilia. Hakuwa anafikiria sanduku. Alikuwa anafikiria kwamba kwa miaka ishirini na mitano malori yalipakia saruji na mahindi na watu juu ya springi alizosema ni nzima. Kama sikio hili lilikuwa linadanganya, lilianza lini?

Nyumbani Musembi alimwekea chai na kumwacha. Aliporudi kuchukua kikombe alimkuta ameshika chuma kimoja mkononi.

"Vyote vilikuwa juu, Baba Dianah. Nilivikuta vyote viko juu."

"Sasa?"

"Vyote. Na kwa kiasi kilekile." Aliweka chuma chini taratibu. "Nilipima vyuma. Sikupima kipimo."

Jumapili, ibada ilipokwisha na watu wakawa wanasalimiana nje, Mwongeli alibaki. Mwalimu Gichuru alikuwa anafunga kinanda kwa kitambaa chake cha zambarau.

"Mwalimu, kinanda kiko chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya dunia nzima. Vayolini, filimbi, tarumbeta, simu. Wote wako mahali pamoja, sisi tuko pengine."

"Basi dunia nzima imepanda," akasema Gichuru akiendelea kukunja kitambaa. "Watu wa siku hizi wanapandisha kila kitu."

"Mwalimu."

Mzee akakunja kitambaa mara nne, kisha akakikunjua, kisha akakikunja tena. Mwishowe aliketi kwenye kiti cha kinanda. Alifungua droo ndogo iliyokuwa ubavuni, ile ambayo miaka yote kwaya ilidhani ina misumari tu, na akatoa kitu kilichofungwa kwenye hankachifu. Ulikuwa uma wa sauti, kile chuma cha meno mawili ambacho ukikigonga gotini kinatoa noti moja na hakijui nyingine. Aliugonga, akauweka juu ya mbao. Kisha akabonyeza A ya kinanda. Sauti mbili zilikaribiana bila kukutana, na katikati yao hewa ikatetemeka: wau, wau, wau, wau.

"Toka lini?" Mwongeli akauliza.

"Unakumbuka ile Pasaka nilikohoa katikati ya wimbo?"

"Ulisema ni vumbi."

"Haikuwa vumbi. Ile noti ya juu ilikuwa imenikataa. Nilikuwa na miaka hamsini na mitano, tena mimi ndiye sauti ya tatu peke yangu. Wiki iliyofuata kukapita fundi wa vinanda kutoka Nairobi, nikamwambia anishushie kidogo. Kidogo tu, Mwongeli. Alikwangua vile vibati vya ndani vinavyotoa sauti, siku mbili. Jumapili nikaifikia ile noti, na mchungaji akasema sijawahi kuimba vizuri hivyo. Sasa ningewaambia nini?"

"Miaka kumi na tisa! Kwaya nzima imeshuka kwa ajili ya koo lako?"

"Na tumeimba vizuri!"

Mwongeli alitaka kukasirika. Alijaribu kabisa. Lakini kitu kingine kilikuwa kinampanda kifuani, kitu chepesi, na kilikuwa hiki: sikio lake halikuwa na kosa. Vyuma vilikuwa sawa, alivisikia vilivyo. Alicheka hadi akashika kiti.

"Mwalimu, nina vyuma thelathini na saba vya kupandisha, na Ijumaa iko mlangoni. Kesho njoo na huo uma. Na uje na aproni."

Hivyo ndivyo wazee wawili walivyoketi barazani Gatuanyaga, Jumatatu hadi Alhamisi, kutoka asubuhi hadi jua la saa kumi na moja. Mwongeli alipunguza ncha za kila chuma, huku na huku kwa usawa, upana wa punje ya mchele, wakati mwingine chini ya hapo. Gichuru aligonga uma, Mwongeli akagonga chuma, wote wakainamisha vichwa. Sauti zikiwa mbali ziligombana haraka haraka. Tupa ikipita, ugomvi ukapungua kasi: wau, wau... wau. Zikilingana, ugomvi ukaisha kabisa, na sauti ikakaa hewani kama maji kwenye beseni ambalo hakuna aliyeligusa. Kutoka kwenye A walitembea hadi noti nyingine kwa ule mwendo wao wa do re mi. Na baada ya kila chuma Mwongeli alinyoosha mkono bila kuangalia, na Musembi akamsogezea simu yenye ile app. Dianah, binti yao aliye Thika mjini, alikuwa amewaelekeza jinsi ya kuiweka.

"Ulisema hutaki simu," Musembi akasema.

"Nataka simu. Nataka na uma. Na nyinyi wawili pia nataka mkae hapo msikie."

"Mimi naona mnakata kengele kucha," akasema Musembi.

Kuna mara Gichuru alishika tupa mwenyewe kumpumzisha, akakata zaidi ya inavyotakiwa, chuma kikapita juu. Mwongeli akakigeuza, akakwangua tumbo mara tatu, kikarudi. "Umeona? Kukosea si tatizo," akamwambia. "Tatizo ni kulitia kosa kwenye droo." Mzee akapokea hiyo bila kujitetea.

Alhamisi saa nane walikuwa wamebakiza viwili. Mwongeli alichukua ile A ya katikati, ambayo okestra nzima ingeitazama, akapitisha tupa mara ya mwisho na kuigonga.

Ikakohoa.

Hakuigonga tena. Hakuhitaji. Aliipeleka kwenye mwanga akaigeuzageuza, na Gichuru akasema haoni kitu, na Musembi akasema haoni kitu. Simu ilionyesha noti iko sawasawa. "Iko na ufa," Mwongeli akasema. "Leo italia. Jumamosi mbele ya watu, mtu akiipiga kwa nguvu, itakatika." Alichukua chaki, akaitia alama, akaisukuma pembeni ya meza.

Springi za Makongeni zilikuwa zimeisha, na vipande vilivyobaki vilikuwa vifupi. Kwenda na kurudi kungemaliza jioni yote. Mwongeli akainua macho kuelekea lango.

"Hapana," akasema Musembi.

"Sijasema kitu."

"Nimekuona unavyoangalia. Hiyo imekwenda Garissa na kurudi mara mia nne. Hiyo imebeba ngamia!"

"Nachukua kipande cha urefu wa mkono tu. Nyingine utabaki nayo."

"Na mbuzi wangu watajuaje chumvi imefika?"

"Watasikia kwenye tamasha," akasema Gichuru.

Musembi alikwenda langoni mwenyewe. Aliitoa kwenye waya, akaipangusa kwa mkono wa shati pande zote mbili, akaileta. Kabla ya kuiweka kwenye vaisi Mwongeli aliining'iniza kwa kidole na kuigonga, kama zamani. Ilisema neno refu, refu sana kwa chuma cha umri ule, na hakuna mahali popote ilipokwaruza.

"Nzima," akasema, na Musembi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari njema ya ndugu yake.

Makaa yaliwashwa hapohapo. Ijumaa alfajiri alikata, akapiga tupa, akaichoma na kuizamisha, na saa tano asubuhi A mpya ilikuwa imelala mahali pake, nyeusi katikati ya wenzake wanaong'aa, kama jino la mtu mzima kati ya meno ya mtoto. Saa tisa walikuwa Gatongora. Trizah alibonyeza noti moja moja kutoka chini hadi juu akitazama simu, na alipofika mwisho aliiweka simu mfukoni, akarudia tena bila kuitazama. Kijana wa vayolini ya kwanza alikuja akasimama karibu na Mwongeli, mikono nyuma.

"Auntie, ile maneno ya homa..."

"Ilikuwa na homa kweli," Mwongeli akasema. "Imepona."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Nusu ya kwaya ya Gatuanyaga ilikuja, wamevaa sare. Gichuru aliketi kati ya Musembi na Mwongeli, na kwenye mfuko wa koti lake uma ulionekana ukichungulia. Alikuwa ameshawaambia wanakwaya. Kesho yake do ya kanisani ingepanda, ikitolewa kwenye uma, na yeye mwenyewe alikuwa anahamia sauti ya nne, kule chini kwa wazee. Walimzomea kwa dakika kumi, kisha wakamnunulia soda.

Wapigaji wakaingia, wakaketi. Kijana wa vayolini akainua chombo chake kutoa A, kama kawaida yake. Trizah akamzuia kwa kiganja.

"Leo si wewe," akasema, na ukumbi mzima ukasikia. "Kinanda cha kengele hakiwezi kubadilishwa hapa jukwaani. Sisi ndio tutakifuata."

Akatembea hadi kwenye sanduku na kubonyeza kitufe kimoja.

Sauti ikatoka nyembamba, safi, ikapita juu ya vichwa vya watu, ikakaa. Vayolini zikaanza kuitafuta, vigingi vya nyuzi vikizungushwa, ugomvi wa sauti ukipungua kasi, wau, wau... wau, kisha zile vayolini kubwa za sauti nene, kisha filimbi ya nesi, kisha tarumbeta. Trizah akabonyeza tena, na sasa walikuwa wote mahali pamoja, watu ishirini na sita juu ya kipande kimoja cha chuma.

Musembi alimwinamia Gichuru. "Hiyo ndiyo imebeba ngamia," akanong'ona, kwa nguvu kiasi cha kusikika mistari mitatu mbele.

Mwongeli hakumkanya. Alikuwa amefumba macho na kuinamisha kichwa upande, mkono wake wa kulia umejikunja mapajani kana kwamba umeshika nyundo ndogo ya shaba. Alisikiliza hadi neno likaisha lenyewe. Halikukohoa. Akafumbua macho, na tone la kwanza la mvua ya Trizah likaanguka kwenye mabati.